Kiko Kiko Wapi?

Utamaduni wa taifa unapotajwa, fikira za wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na ngano. Mambo hayo yanastahili heshima yake. Lakini viko vyombo vidogo vya mkono, vilivyotumiwa kila siku na watu wa kila hali, ambavyo historia yake hatujaiandika sisi wenyewe kwa kiasi kinachotosha. Kimojawapo ni kiko, chombo cha kuvutia tumbaku. Katika insha hii tumekusudia kukifuata kiko kutoka pwani hadi bara, kisha hadi kwenye makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na halafu hadi Sinya, kaskazini ya Arusha, ambako lilichimbwa jiwe lililochongwa viko vilivyouzwa ng'ambo vikiwa na jina la Kiswahili. Tunakitazama chombo na kazi ya mikono iliyokitengeneza; hatumshawishi mtu kuvuta. Madhara ya tumbaku yanajulikana wazi, nasi tutayataja mahali pake.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina ndilo ushahidi ulio karibu nasi zaidi. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja na kuchapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870, aliwakuta Waswahili wakikigawa kiko sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikiwa na jina lake. Bori ni kikombe kidogo cha udongo uliochomwa, ambamo tumbaku hutiwa. Digali ni mrija unaoshuka kutoka katika bori hadi ndani ya chombo cha maji. Chombo hicho cha maji, ambacho huweza kuwa kifuu cha nazi au kibuyu kidogo, ndicho hasa kilichoitwa kiko. Kutoka hapo hutokeza mrija wa pili, shilamu, unaokwenda kinywani mwa mvutaji. Hata sauti ya maji yanapobubujika wakati wa kuvuta ilikuwa na jina: malio ya kiko.

Msomaji atafakari jambo hili. Watu hawatungi jina la sauti ndogo kama hiyo ila wameisikia jioni baada ya jioni, barazani na uani, mpaka imekuwa sehemu ya nyumba. Leo neno kiko limepanuka, nasi hulitumia hata kwa kiko kikavu kisicho na maji, kile chenye kichwa cha mti na mdomo mweusi tunachokiona katika picha za mabwana wa kizungu. Lakini maneno bori, digali na shilamu yamebaki katika kamusi, na ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha pili maana yake hatakujibu. Hatumlaumu. Chombo kikitoweka, majina ya viungo vyake hutoweka nacho, na mwalimu hawezi kufundisha digali kwa kuchora hewani.

Tumbaku yenyewe si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika, ambako wenyeji waliilima na kuivuta kwa karne nyingi kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mabaharia wa Kireno na wa Kihispania waliisambaza, na katika muda wa miaka mia moja hivi ilikuwa imeenea karibu dunia nzima. Mwaka 1604 mfalme James wa Uingereza alikuwa tayari ameandika kijitabu cha kuilaani. Neno letu tumbaku lilipita katika lugha za Mashariki kabla ya kufika kwetu, ila mzizi wake ni ule ule wa Kihispania. Kwa hiyo neno lenyewe ni msafiri aliyezunguka bahari mbili.

Yafaa hata hivyo tusidhani kuwa Mwafrika alingoja tumbaku ndipo ajifunze kutengeneza kiko. Katika pango la Lalibela, nchini Ethiopia, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua vichwa vya viko vya udongo ambavyo umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne ya 14, yaani kabla ya Columbus kuzaliwa. Masalio yaliyokuwa ndani yake yalipopimwa, matokeo yaliyotolewa miaka ya 1970 yalionyesha dalili za bangi. Basi sehemu hii ya Afrika ilikwisha kuwa na chombo. Tumbaku ilipofika ilikuta pa kukaa. Jambo hili ni muhimu kwa mwalimu wa historia, kwa sababu mara nyingi tumefundishwa kwamba kila ufundi ulitujia pamoja na bidhaa kutoka ng'ambo.

Kufikia karne ya 19 tumbaku ilikuwa zao la kawaida bara. Richard Burton, aliyefika Fuga katika milima ya Usambara mwaka 1857, aliandika juu ya tumbaku ya huko, iliyotwangwa, ikafinyangwa mikate ya duara na kufungwa kwa majani ya migomba, kisha ikauzwa pwani hadi Unguja. Hapa tunaona biashara kamili ya Waafrika wenyewe: mkulima wa mlimani, mchukuzi, mchuuzi wa pwani, na mvutaji wa Unguja aliyeweza kutambua kuwa tumbaku hii ni ya Usambara na ile si yake. Mwaka huo huo Burton alifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo. Huko aliwaona wanawake wa Kinyamwezi wakikusanyika jioni, bibi vizee na wasichana pamoja, wamekaa duara juu ya vigoda, wakivuta viko virefu vyenye vichwa vyeusi vya udongo.

Maelezo hayo ya wanawake yanatupa faida moja. Siku hizi picha ya mvuta kiko ni ya mwanamume, tena mtu mzima mwenye cheo. Katika nchi nyingi za bara haikuwa hivyo. Kusini kidogo, katika bonde la Zambezi, wanawake wa Kitonga wamejulikana kwa viko vyao vya kibuyu chenye shingo ndefu na maji ndani, ambavyo wanaume hawavitumii. Kiko kilikuwa ishara ya umri na mapumziko zaidi ya kuwa ishara ya jinsia. Mwenye kukivuta ni mtu aliyemaliza kazi ya siku, mtoto hakupewa.

Ufundi wa viko ulitofautiana kulingana na nchi. Pwani kifuu na kibuyu vilitawala kwa sababu nazi haikukosekana. Bara, ambako udongo mzuri ulipatikana, mfinyanzi alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Buganda walikuwapo wafinyanzi wa kabaka waliosugua vyombo vyao kwa madini meusi ya grafiti hata vikang'aa kama chuma, na viko vyao, vinavyoitwa emmindi, vilikuwa kazi ya hali ya juu. Margaret Trowell na Klaus Wachsmann, katika kitabu chao cha mwaka 1953 juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, waliona inafaa kuvieleza na kuvichora viko pamoja na ngoma, vikapu na ngao. Kazi ya namna hiyo, inayompa mfinyanzi wa kiko heshima ile ile anayopewa mchonga vinyago, ndiyo tunayoitamani kwa kila mkoa wetu.

Kiko kiliweza hata kuingia katika mambo ya utawala. Huko Kasai, katika Kongo ya leo, kiongozi Kalamba Mukenge na watu wake walianzisha katika nusu ya pili ya karne ya 19 utaratibu mpya wa udugu. Waliacha hirizi za zamani, wakaifanya bangi inayovutwa pamoja katika kibuyu kuwa alama ya amani. Wajerumani Pogge na Wissmann waliwakuta katika hali hiyo mwaka 1881. Hatusemi kwamba bangi ni njema, nayo imepigwa marufuku katika nchi yetu. Tunasema tu kwamba chombo kinachopita mkono kwa mkono kinaweza kubeba maana inayozidi kile kinachoungua ndani yake.

Sasa tuwageukie wakusanyaji. Ulaya ilikuwa na viko vyake, kwanza vya udongo mweupe, ambavyo mji wa Gouda wa Uholanzi ulivifinyanga tangu mwanzo wa karne ya 17, kisha vya mti mgumu wa mizizi uliochongwa hasa Saint-Claude, nchini Ufaransa, tangu miaka ya 1850. Karne ya 19 ikazaa mtu wa aina mpya, ambaye hakutosheka kuvuta kiko chake bali alitaka kuwa na viko vya dunia nzima. William Bragge, mhandisi wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1880 orodha ya mkusanyiko wake wa viko na vitabu vya tumbaku, na vitu vyake vilihesabiwa kwa maelfu. Baada yake akaja Alfred Dunhill, mwenye duka la tumbaku mjini London, ambaye mwaka 1924 alitoa kitabu kizima juu ya viko vya mataifa yote, vya Afrika vikiwamo. Mjini Amsterdam kuna makumbusho ya viko peke yake, yaliyotokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Don Duco mwaka 1969. Mtu mmoja alianza kuokota vichwa vya udongo vilivyovunjika, na leo wageni hulipa kiingilio kuvitazama.

Kuna tofauti kubwa, kwa maoni yetu, kati ya mkusanyaji anayenunua kiko sokoni kwa mwenyewe na yule aliyefika chini ya kivuli cha bendera. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vyombo vya watu wa kusini kwa maelfu na kuvisafirisha Ujerumani. Mwanakijiji ambaye mashamba yake yameunguzwa na jeshi hawezi kusemwa kwamba aliuza kwa hiari kamili. Tena vyombo vilivyochukuliwa enzi hizo mara nyingi viliandikwa jina la kabila na mahali tu. Jina la mfinyanzi halipo. Jina la sehemu moja moja ya chombo halipo. Kilichopakiwa sandukuni ni udongo na mti, na maneno yakabaki huku mpaka nayo yakapotea. Ndipo tunapouliza swali ambalo kwa Kiswahili husikika kama mchezo wa watoto: kiko kiko wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba kiko kimoja cha nchi hii kimejaa tele katika makabati ya wavutaji wa Ulaya na Marekani, wala wengi wetu hatukijui. Kwa hicho inatupasa kukaa kidogo.

Katika tambarare kame iliyo kati ya mlima Longido, Kilimanjaro na mpaka wa Kenya kuna mahali paitwapo Sinya, katika wilaya ya Longido ya leo. Zamani za mbali eneo hilo lilikuwa sehemu ya bonde la ziwa kubwa la Amboseli. Ziwa lilipokauka liliacha chini yake tabaka za udongo wenye magnesi na silika, na ndani ya tabaka hizo mna jiwe jeupe, laini, jepesi, linaloitwa na wanasayansi sepiolaiti. Wavuta viko hulijua kwa jina la Kijerumani, meerschaum, maana yake povu la bahari. Na kweli bonge zuri likikauka huweza kuelea majini. Likiwa na unyevu hukatwa kwa kisu kama sabuni. Likikauka huwa gumu, lakini hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunyonya majimaji ya tumbaku na kuupoza moshi. Tena haliungui. Kwa sababu hizo wavutaji wa Ulaya walilipenda tangu karne ya 18.

Chimbuko lake mashuhuri ni Eskişehir, nchini Uturuki. Kwa muda mrefu Waturuki waliuza mabonge ghafi, nayo yakaenda kuchongwa Vienna na miji mingine ya Ulaya, ambako faida kubwa ilibaki. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 serikali ya Uturuki ilizuia kuuza mabonge ghafi nje, na wachongaji wa Eskişehir wenyewe wakawa mabingwa wanaosifiwa duniani. Mfano huo tuuweke akilini.

Katika miaka ya 1950 kampuni iitwayo Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kulishughulikia jiwe la Sinya, na viko vikatengenezwa Arusha. Kazi ilikuwa hivi. Bonge lilichimbwa na kusafishwa, likakatwa vipande vya ukubwa wa ngumi, kisha likapewa umbo kwa kisu na kwa mashine ya kukereza. Tundu la tumbaku lilitobolewa kwa juu na njia ya moshi kwa ubavuni. Kiko kilikaushwa, kikalainishwa kwa msasa (tukumbuke kwamba msasa kwanza ni jina la mti ambao majani yake makavu yalilainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani), kikang'arishwa kwa nta, na mwishowe kikatiwa mdomo. Vingi vilipakwa rangi ya kahawia, nyeusi au manjano. Vingine vilivikwa ngozi iliyoshonwa kumzunguka mwili wake wote, na vingine vilikuwa vya mti kwa nje na jiwe kwa ndani.

Na vikapigwa chapa. Chapa iliyojulikana zaidi ilikuwa neno moja, Kiko, pamoja na picha ya tembo. Hatuna budi kukiri kwamba jambo hili linatufurahisha. Mtu wa Chicago au Copenhagen ambaye hajapata kusikia sentensi moja ya Kiswahili alitia mfukoni chombo chenye neno letu, akalitamka kila alipokitafuta mezani. Vitu vingapi vilivyotoka bandari zetu miaka hiyo vilikuwa na neno la Kiswahili juu yake? Katani haikuwa nalo, pamba haikuwa nalo, wala buni.

Lakini si mawe yote yaliyobahatika hivyo. Mengine yalisafirishwa yakiwa mabonge, yakachongwa huko huko Ulaya. Katika mji mdogo wa Laxey, kwenye Kisiwa cha Man baina ya Uingereza na Ireland, kampuni ya Laxey Pipes ilitengeneza viko kwa jiwe la Amboseli, navyo vikauzwa kwa sifa ya kisiwa hicho. Mnunuzi aliyevishika alidhani ameshika kazi ya Kisiwa cha Man, na kwa kweli mkono ulikuwa wa huko. Jiwe tu ndilo lililotoka Umasaini. Ni habari ile ile ya mali ghafi tunayoifundisha madarasani kwa mfano wa pamba na katani. Kiko kinaifundisha vizuri zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kukishika mkononi mwake.

Wakusanyaji hutofautisha jiwe la Afrika na lile la Uturuki, na wengi huliweka la Afrika daraja la pili. Kuna ukweli ndani ya hukumu hiyo. Jiwe la Sinya ni zito zaidi na gumu zaidi, hunyonya kidogo, na kwa hiyo halibadiliki rangi upesi. Hapo pana fahari kubwa ya mchezo huu: mwenye kiko cheupe cha Uturuki hukivuta polepole kwa miaka, akikipumzisha siku nzima baada ya kila mvuto ili kikauke, akikishika kwa ncha za vidole ili jasho lisikitie doa, mpaka nta na mafuta ya tumbaku vinakigeuza rangi ya asali, kisha rangi ya kahawa. Kiko kilichoiva hivyo huonyeshwa kwa marafiki kama mfugaji anavyoonyesha ng'ombe wake. Cha Arusha kilipakwa rangi tangu kiwandani, nacho humnyima mwenyewe furaha hiyo.

Hata hivyo sisi tunaona kwamba hukumu hiyo haikutokana na jiwe peke yake. Waturuki walichonga juu ya jiwe lao nyuso za masultani, makucha ya tai na mashada ya maua. Viko vingi vya Arusha vilifuata maumbo ya kawaida ya Kiingereza, yale yale yaliyotumiwa kwa viko vya mti. Nchi yenye wachonga vinyago wa Kimakonde, na yenye kumbukumbu ya vichwa vyeusi vya Unyamwezi na vifuu vya pwani, ilitoa kiko ambacho ukifuta chapa ya tembo hujui kimetoka wapi. Kiwanda kilimtazama mnunuzi wa London, hakikumwuliza mfinyanzi wa Tabora. Neno likawa letu na umbo likawa la mgeni.

Wakati huo huo kiko cha nyumbani kilikuwa kinakufa, na kilichokiua ni sigara. Tumbaku ya kiwandani ilikuwa imekwisha kuenea mashambani: Songea walilima tumbaku ya kukausha kwa moshi, na chama chao cha ushirika, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936, Urambo, baada ya mpango wa karanga wa mwaka 1947 kushindwa, mashamba yaligeuzwa kuwa ya tumbaku tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Mwaka 1961 kiwanda cha sigara kilifunguliwa Dar es Salaam. Sigara haihitaji mfinyanzi, wala kibuyu, wala kaa la moto lililoombwa kwa jirani. Huvutwa kwa dakika chache, mtu akiwa amesimama, tena peke yake. Mkulima wa Urambo aliuza jani lake ghafi, akalirudisha dukani likiwa limefungwa karatasi. Katika muda wa kizazi kimoja hivi kiko kikawa kitu cha wazee wa vijijini, na bori lililovunjika halikufinyangwa jingine.

Hapa ndipo mahali pa kusema juu ya afya. Wazee wetu hawakuwa na njia ya kujua kilichomo katika moshi. Sisi tunajua. Tumbaku, iwe ya kiko au ya sigara, husababisha saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na huharibu moyo. Maji yaliyomo katika kiko hupoza moshi. Hayaondoi sumu yake. Kosa la kudhani kwamba maji husafisha ndilo lililowavuta vijana wengi wa mijini kwenye shisha, ambayo si kitu ila kiko cha maji kilichorudi kutoka nchi za Kiarabu na Uturuki kikiwa na nakshi na harufu ya matunda. Tanzania iliipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Na sheria yetu ya mwaka 2003 ilikataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana anayeona shisha kuwa ustaarabu mpya angeshangaa kuambiwa kwamba bibi wa bibi yake huenda alikuwa na majina manne ya viungo vyake.

Basi mchezo wa kukusanya viko na ule wa kuvivuta si lazima viende pamoja. Hata Ulaya wako wakusanyaji wasiovuta kabisa. Kwa shule zetu, kukusanya kunawezekana bila gharama kubwa. Katika mikoa ya Tabora, Tanga, Kagera na kusini bado hupatikana wazee wanaoweza kueleza jinsi bori lilivyofinyangwa, hata kama chombo chenyewe hakipo tena. Mwanafunzi akipata kiko kizima, aandike kwanza maneno ya mwenyewe kwa lugha yake: kichwa kinaitwaje, mrija unaitwaje, sauti inaitwaje, nani alikitengeneza, nani aliruhusiwa kukigusa. Apime urefu, achore, kisha kama mwenyewe hataki kukitoa, kibaki kwake. Kumwacha mzee na kiko chake, na kuondoka na maelezo, ni afadhali kuliko kabati lenye chombo kisicho na jina. Vipande vya udongo vinavyookotwa mashambani katika magofu ya kale visiondolewe ovyo. Wapewe habari maofisa wa mambo ya kale.

Viko vya Arusha navyo vinastahili kutafutwa, kwa maana ni vya historia yetu sawa na vile vya udongo. Huonekana mara kwa mara katika masanduku ya nyumba za zamani na katika maduka ya vitu vikuukuu. Kutambua umri wake si kazi ngumu. Kitazamwe ubavuni au kwenye shingo, penye mhuri wa nchi. Kilichoandikwa Tanganyika kilipigwa chapa katika enzi ya jina hilo, lililotumika tangu 1920, likaendelea baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, hadi nchi mbili zilizoungana tarehe 26 Aprili 1964 zilipochukua jina jipya mwezi Oktoba mwaka huo. Kilichoandikwa Tanzania ni cha baadaye. Kinachoonyesha tembo peke yake, maandishi yakiwa yamefutika kwa kushikwa sana, kiangaliwe rangi na mshono wa ngozi. Kisisuguliwe kwa msasa wala kulowekwa majini ili kipendeze, kwa sababu jiwe hilo likinyonya maji hulainika, na alama ya mkono wa fundi wa Arusha hufutika pamoja na uchafu.